Mashine ya Kufulia ya Mlango wa Mbele au ya Mlango wa Juu: Mwongozo Kamili wa Kuchagua

Watu wengi huanza kuchagua mashine ya kufulia wakiwa tayari wamesimama mbele ya mashine zenyewe, wakilinganisha ukubwa, rangi na idadi ya programu. Uchaguzi wa namna hiyo mara nyingi huishia kwa mashine nzuri iliyowekwa katika nyumba isiyoifaa: maji hayana msukumo wa kutosha, mfuniko unagonga kabati, au sakafu inatikisika kila nguo zinapokamuliwa. Swali la mlango wa mbele au wa juu hujibiwa na nyumba kabla ya kujibiwa na muuzaji, na ndiyo maana hatua nyingi za mwongozo huu hufanyika kabla hujatoka kwenda kununua. Tayarisha futikamba, ndoo yenye alama za lita, saa, na mizani ikiwa unayo.

Kila aina inavyofua

Mashine ya mlango wa mbele ina pipa lililolala. Pipa likizunguka, mapezi yaliyo ndani yake huzinyanyua nguo hadi juu na kuziachia zianguke kwenye maji machache yaliyo chini, na kule kuinuliwa na kuangushwa ndiko kunakotoa uchafu. Kwa kuwa nguo hazihitaji kuelea, mashine nyingi za aina hii hutumia kati ya lita 40 na 60 kwa kufua na kusuuza hadi mwisho.

Mashine ya mlango wa juu ina pipa lililosimama wima, nayo huja kwa sura mbili ambazo wanunuzi huzichanganya. Ya kwanza ina nguzo katikati inayogeuka huku na huku ikizisukuma nguo; ya pili haina nguzo, bali ina sahani yenye matuta kwenye kitako cha pipa inayoyazungusha maji pamoja na nguo. Zote mbili zinahitaji maji ya kutosha kuzifunika nguo au kuzilowanisha vizuri. Zenye nguzo hutumia kwa kawaida lita 100 hadi 150, na zenye sahani hutumia pungufu ya hapo lakini bado nyingi kuliko za mlango wa mbele.

Ipo pia mashine nyembamba, yenye upana wa sentimita 40 hivi, ambayo mfuniko wake uko juu lakini pipa lake limelala na kushikiliwa pande zote mbili. Ukiiona, ihesabu kama mashine ya mlango wa mbele kwa mambo ya maji, sabuni na muda, kwa maana ndivyo inavyofua. Kilichobadilika ni mahali pa kupitishia nguo tu.

Hatua ya kwanza: pima maji

Kama kuna hatua moja ya kufanywa kwa makini kuliko nyingine zote, ni hii. Mashine otomatiki haivuti maji. Hufungua vali na kusubiri maji yaingie kwa msukumo wake yenyewe. Kwa sababu hiyo kijitabu cha maelezo hutaja msukumo wa chini unaotakiwa, na kwa mashine nyingi za mlango wa mbele kiwango hicho ni baa 0.5, ambacho vijitabu vingine hukiandika kuwa megapaskali 0.05. Maji yanayoshuka kutoka kwenye tangi lililoinuliwa hupata takriban baa 0.1 kwa kila mita moja ya kimo. Pima basi urefu wa wima kutoka kitako cha tangi hadi bomba ambalo mashine itaunganishwa. Mita 5 hutoa baa 0.5, ilhali mita 2 hutoa baa 0.2 tu, hata tangi liwe pana kiasi gani, kwa sababu kinacholeta msukumo ni kimo.

Msukumo ukiwa chini ya kiwango, mashine hujaa polepole mno, kisha husimama na kuonyesha alama ya hitilafu. Lipo na tatizo la pili ambalo wengi hawalitarajii: vali nyingi hutegemea msukumo wa maji yenyewe ili zijifunge barabara, hivyo msukumo ukiwa hafifu maji yanaweza kuendelea kupenya kidogo kidogo hata mashine ikiwa imezimwa. Mashine za mlango wa juu nazo zina kiwango chao, lakini baadhi yake zimeundwa kukubali baa 0.2 au 0.3. Zaidi ya hayo, mfuniko wake ukiwa wazi unaweza kuongeza maji kwa ndoo, msaada usiowezekana kwa mlango wa mbele. Ikiwa unautaka mlango wa mbele na kimo hakitoshi, dawa ni kuliinua tangi au kufunga pampu ndogo ya kuongeza msukumo, na gharama yake iingie kwenye hesabu ya mashine tangu mwanzo.

Baada ya kimo, pima mtiririko. Fungua bomba lote kwa saa ambazo kwa kawaida unafua, uone ndoo ya lita 10 inajaa kwa muda gani. Ikijaa kwa dakika 2, bomba hilo linatoa lita 5 kwa dakika, na mashine inayotumia lita 120 itahitaji dakika 24 za kujaza maji peke yake, wakati inayotumia lita 50 itahitaji dakika 10. Fanya pia hesabu ya mwaka: kwa mafuo manne kwa wiki, tofauti ya lita 70 kwa kila fuo huwa lita 280 kwa wiki, yaani zaidi ya lita 14,000 kwa mwaka. Anayenunua maji, au anayeyahifadhi kwa shida, ana haki ya kuipa hesabu hii uzito kuliko sifa nyingine yoyote.

Usisahau maji yanayotoka. Mashine za mlango wa mbele hutoa maji kwa pampu, na mpira wa kutolea maji huinuliwa hadi kimo kinachotajwa kwenye kijitabu, mara nyingi kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni. Ukiulaza chini, maji yanaweza kukimbia yenyewe huku mashine ikiendelea kujaza. Baadhi ya mashine za mlango wa juu hazina pampu kabisa: hufungua tu njia ili maji yashuke, kwa hiyo zinahitaji tundu la maji sakafuni. Mashine ya namna hiyo ukiiweka mahali ambapo maji lazima yapande hadi kwenye sinki, haitafanya kazi.

Na ikiwa bomba lako halifiki mahali pa kufulia, au maji huja kwa siku chache tu, mashine ya nusu otomatiki yenye mapipa mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia, inastahili kufikiriwa kwa heshima. Hujazwa kwa ndoo, haijali msukumo, na maji ya sabuni yaliyofulia nguo nyeupe yanaweza kufulia nguo za rangi. Inadai mikono yako zaidi, kwa kuwa nguo huzihamisha wewe mwenyewe.

Hatua ya pili: umeme

Sehemu kubwa ya umeme wa kufulia huenda kwenye kupasha maji moto. Kuzungusha pipa kunakula kidogo. Maji ya kusuuza hayapashwi, hivyo mlango wa mbele hupasha yale machache ya kufulia tu: kupasha lita 15 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunahitaji takriban uniti 0.7, ilhali kupasha lita 50 za kufulia, kama za mlango wa juu, kwa kiwango hicho kunahitaji zaidi ya uniti 2. Hapa ndipo mlango wa mbele unaposhinda bila ubishi kwa yeyote anayefua kwa maji moto. Lakini mashine nyingi za mlango wa juu hazina hita, hufua kwa maji ya bombani jinsi yalivyo, na anayefua kwa maji baridi siku zote hataona tofauti kubwa ya umeme kati ya aina hizi mbili. Jiulize kwa dhati kama kuna nguo zako zinazohitaji nyuzi 60, kwa mfano nepi za kitambaa, taulo, au shuka za mgonjwa. Kama hazipo, usilipie hita kwa matumaini.

Hita ya mashine ya mlango wa mbele kwa kawaida huvuta wati 2,000 hivi, karibu ampea 9 kwa umeme wa volti 230. Soketi iwe ya ukutani, yenye waya wa ardhi unaofanya kazi, wala usitumie ekstensheni nyembamba. Anayetegemea jenereta ndogo au inveta ahakikishe kwamba mashine ina programu ya maji baridi, la sivyo hita itakizidi nguvu kifaa hicho. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine ya mlango wa mbele hubaki imefungwa na maji ndani, na ili kutoa nguo utalazimika kuyatoa maji kupitia kichujio kilicho chini mbele. Kwa mashine ya mlango wa juu, mara nyingi unainua mfuniko na kutoa nguo zako.

Hatua ya tatu: nafasi na sakafu

Mashine ya kawaida ya mlango wa mbele ina upana wa sentimita 60, kimo cha 85, na kina cha kati ya 45 na 65. Huingia chini ya meza ya jikoni na hubeba vitu juu yake, lakini inahitaji nafasi mbele ya mlango na ya mtu kuinama. Ya mlango wa juu huhitaji anga juu yake: pima kimo chake mfuniko ukiwa wazi, ambacho mara nyingi huzidi sentimita 130, ukilinganisha na rafu au dirisha lililo juu. Kwa vyovyote ongeza sentimita 5 hadi 10 nyuma kwa ajili ya mipira ya maji, na upime milango na ngazi zote ambazo mashine itapita.

Mashine ya mlango wa mbele ina vitalu vya zege au chuma ndani yake ili pipa linalokimbia lisiirushe, kwa hiyo uzito wake huwa kati ya kilo 60 na 80, wakati ya mlango wa juu mara nyingi huwa nyepesi zaidi. Mashine ya Bendix ya 1937, iliyokuwa ya kwanza ya otomatiki ya mlango wa mbele kwa matumizi ya nyumbani, ilibidi kufungwa kwa boliti sakafuni ili isitembee. Uzito, springi na vizuia mtikisiko vimeiondoa haja hiyo, lakini sakafu bado ina kauli: zege imara huipokea mashine yoyote, ilhali mbao hutetemeka na kupeleka mlio nyumba nzima. Anayeishi ghorofani juu ya sakafu ya mbao aelekee mlango wa juu, au achague ya mbele inayoruhusu kupunguza kasi ya kukamua.

Hatua ya nne: nguo zako

Pima kwa mizani nguo chafu za wiki moja zikiwa kavu, kisha gawa kwa idadi ya siku unazotaka kufua. Kilo zilizoandikwa kwenye mashine ni za nguo kavu za pamba katika programu ya pamba. Kwa nguo laini na za sufu kiwango hushuka, mara nyingi hadi nusu au chini ya hapo. Pipa la mlango wa mbele lijazwe hadi mkono upite juu ya nguo bila kubana. La mlango wa juu lijazwe bila kushindilia, ili nguo zipate nafasi ya kugeuka.

Kwa uangalifu wa vitambaa, mlango wa mbele ni mpole. Nguzo ya katikati huvuta na kusokota, hivyo mikono ya mashati hufungamana na nyuzi huchakaa mapema. Sahani ina nafuu kidogo, ingawa nayo huzifunga nguo fundo. Hata hivyo, kwa nguo zenye mchanga na tope la shambani, wingi wa maji wa mlango wa juu una faida ya kweli, kwa kuwa mchanga unahitaji maji ya kuubeba. Wenye ngozi inayodhurika na mabaki ya sabuni wanaweza kutumia mlango wa mbele, mradi wachague mashine yenye kitufe cha kusuuza mara ya ziada.

Kukamua ni jambo linalodharauliwa na linalobadilisha maisha ya msimu wa mvua. Mashine za mlango wa mbele hukamua kwa mizunguko 1,000 hadi 1,400 kwa dakika, na za mlango wa juu nyingi hukamua kwa 600 hadi 850. Nguvu ya kukamua hukua kwa mraba wa kasi: kwa pipa la upana uleule, kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Kwa mizunguko 1,400, nguo za pamba hubaki na maji ya takriban nusu ya uzito wake mkavu. Kwa mizunguko 800, hubaki na karibu asilimia 70 au zaidi. Mwenye uwanja na jua halimsumbui hilo. Anayeanika ndani ya chumba aliangalie kwanza, kwa sababu maji yote yasiyokamuliwa yataishia hewani na kutani.

Tahadhari moja ya usalama: makoti ya mvua, mashuka ya plastiki na vitu vingine visivyopitisha maji visikamuliwe kwa kasi, hasa katika mashine ya mlango wa juu, kwani hushika maji upande mmoja na kuliyumbisha pipa kwa nguvu. Novemba 2016, nchini Marekani, takriban mashine milioni 2.8 za mlango wa juu za Samsung ziliitwa zirudi kurekebishwa au kufidiwa kwa sababu sehemu ya juu iliweza kung'oka wakati wa kukamua.

Hatua ya tano: muda na mwili wa mfuaji

Programu ya pamba ya mlango wa mbele huchukua saa 2 hadi 3 au zaidi. Ya mlango wa juu humaliza kwa dakika 40 hadi 60. Ukifua mapipa manne Jumamosi, tofauti hiyo ni siku nzima. Mlango wa mbele una programu fupi, lakini hizo ni za nguo chache zisizo chafu sana.

Mwenye maumivu ya mgongo au magoti atatoa nguo kwa urahisi kwenye mlango wa juu, isipokuwa akiwa mfupi, kwa maana kufikia kitako cha pipa refu kunamtaka ajikunje juu ya ukingo. Mtumiaji wa kiti cha magurudumu huhudumiwa vizuri na mlango wa mbele. Mpeleke dukani mtu atakayefua hasa, anyooshe mkono hadi ndani. Jaribio hilo halina mbadala.

Hatua ya sita: fundi na vipuri

Kabla ya kulipa, mtafute fundi anayetengeneza mashine katika eneo lako na umuulize ni zipi anazopata vipuri vyake. Katika mlango wa mbele, kipuri cha kukitilia maanani ni beringi za pipa. Pipa zima hushikiliwa kwa ekseli moja nyuma, na mpira unaozuia maji ukichoka, maji huingia kwenye beringi na mashine huanza kuunguruma wakati wa kukamua. Muulize muuzaji kama tangi la nje limefungwa kwa skrubu au limeunganishwa moja kwa moja. La skrubu hufunguliwa na beringi hubadilishwa. Lililounganishwa hulazimisha kununua tangi zima, na gharama yake huwafanya wengi waitupe mashine. Mimi huliona swali hili kuwa na maana kuliko wingi wa programu, nawe usione haya kulirudia hadi upate jibu. Mashine za mlango wa juu zina matatizo yake, kama vile mkanda, klachi na vyuma vya kuning'inizia pipa, lakini kwa jumla ni rahisi kufunguliwa.

Hatua ya saba: amua

Sasa rudi kwenye vipimo vyako kwa mpangilio huu. Msukumo ukiwa chini ya kiwango na huwezi kuuongeza, chagua mlango wa juu unaokubali msukumo huo, au nusu otomatiki, na usiendelee kujitesa na mengine. Msukumo ukitosha, maji yakiwa ghali, na nguo zikihitaji maji moto au zikianikwa ndani, chagua mlango wa mbele. Msukumo ukitosha lakini unafua kwa maji baridi, una uwanja wa kuanika na muda wako ni mfupi, mlango wa juu wenye sahani utakutosha. Ukibaki njia panda, kwangu mlango wa mbele hupata kura kwa jinsi unavyozitunza nguo, mradi fundi awepo.

Hatua ya nane: siku ya kwanza na utunzaji

Mashine ya mlango wa mbele husafirishwa ikiwa na boliti nyuma zinazolizuia pipa, kwa kawaida tatu au nne. Zitoe kabla ya kuiwasha, maana kuikamulisha ikiwa nazo huiharibu, na uzihifadhi kwa ajili ya kuhama. Sawazisha miguu kwa pimamaji hadi mashine isiyumbe unapoisukuma kwa pembe, kisha kaza nati za miguu.

Tumia sabuni iliyoandikwa kuwa ya mashine ya otomatiki. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono hutoa povu jingi, na katika mlango wa mbele povu hilo huzuia nguo kuanguka, hurefusha kusuuza na huweza kumwagika. Baada ya kila fuo, futa mpira wa mlango kwa kitambaa kikavu, hasa mkunjo wake wa chini, na uache mlango na droo ya sabuni wazi kidogo ili ukungu usiote. Nyumba yenye mtoto mdogo ifunge chumba cha kufulia badala ya mlango wa mashine. Mara moja kwa mwezi fungua kichujio cha pampu, ukiweka sahani ya kukinga maji, na uendeshe mashine tupu kwa maji ya nyuzi 60 au zaidi. Kwa mlango wa juu, safisha kifuko cha kunasia nyuzi kila baada ya mafuo machache, na uache mfuniko wazi hadi pipa likauke. Kwa aina zote mbili, funga bomba la maji kazi ikiisha, na ufungue mpira wa kuingizia maji mara moja moja ili kuosha wavu mdogo ulio kwenye vali, kwa sababu wavu huo ukiziba kwa mchanga, mashine italalamika kuwa haina maji hata kama tangi limejaa.